Ndege ya Studio Yetu

Jumatatu, tarehe 3

Mimi ndiye mwenye akili kuliko wote waliowahi kuishia darasa la saba, na wengi waliofika mbele nawashinda pia. Nimeliandika hilo kwanza ili daftari hili lijue linahifadhi mambo ya nani.

Sasa habari. Saa nne asubuhi Mzee ametuita mimi na Miwani, akafunga mlango wa studio, jambo ambalo hajalifanya tangu siku ile mbuzi alipoingia. Akasema watu siku hizi wana kamera mfukoni. Zimebaki picha za pasipoti, nazo hazilishi vinywa vitatu. Jumamosi jioni mmoja wetu ataambiwa asirudi. Aliyasema yote hayo huku akifuta lenzi iliyokuwa safi.

Miwani ni dada wa kompyuta. Anaitwa hivyo kwa sababu anavaa miwani. Watu wa hapa hawajisumbui kufikiri. Anaondoa chunusi za wateja na kuchapa picha. Mimi nafagia, nawasha taa, navuta pazia, na nachekesha watoto wachanga kwa kuweka kuku wa plastiki kichwani. Wananiita Pazia. Mtoto wa kunishinda mimi hajazaliwa. Kwa hiyo namhurumia Miwani.

Pazia lenyewe ni turubai lililochorwa ndege, mlango wazi, na mbele yake ngazi ya mbao ya vidato vitatu. Bawa moja ni fupi kuliko lenzake. Mzee husema ndege hii ingeruka, ingezunguka tu juu ya soko mpaka mafuta yaishe. Mji mzima umeipanda. Hata marehemu mama, kabla sijazaliwa. Siku hiyo Mzee alikuwa ameupaka mlango rangi mpya, mama akaushika kabla haujakauka, kiganja kikabaki. Kipo mpaka leo. Kila asubuhi nikifungua naweka changu juu yake. Ni kama kusaini kazini tu, si kitu kingine.

Jumanne, tarehe 4

Mwerevu hategemei mlango mmoja. Mchana nimevuka barabara nikamwambia kinyozi kwamba nina uzoefu wa miaka sita. Hakuuliza wa nini. Akanipa mashine na mteja wa kwanza, naye ni nani kama si mwalimu wangu wa hesabu, mzee sasa, ambaye akikaa tu anasinzia.

Nikaanza vizuri. Upande wa kulia ukatoka mfupi kidogo. Nikapunguza wa kushoto. Ukazidi. Nikarudi kulia. Kufika saa nane mwalimu alikuwa hana pande tena.

Akaamka, akajipapasa kichwa, akanitazama kwenye kioo. Akasema hata darasani nilikuwa hivihivi: naanza vizuri, halafu nafuta, nafuta, mpaka karatasi inatoboka. Kinyozi akasema nisirudi hata kunyolewa.

Si hasara. Unyozi hauna kesho. Watu wanaota upara wenyewe.

Jumatano, tarehe 5

Nimeficha waya wa printa chini ya ngazi. Mpango ulikuwa huu: mteja aje na haraka zake, Miwani ashindwe, niutoe waya mbele ya Mzee kama mganga anayetoa hirizi. Mteja akaja. Miwani akafungua mkoba, akatoa waya mwingine. Akasema anatembea nao tangu nilipoficha ule wa kwanza mwaka jana.

Halafu akaniambia ana wazo la Jumamosi, litatufaa wote wawili, nimsikilize dakika mbili. Mimi si wa kulambishwa asali. Nikamwambia kila mtu acheze mechi yake, nikaingia stoo na kuku wangu kichwani ili heshima ibaki.

Humo stoo nimekuta boksi la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nilikaa chini kuangalia moja, nikainuka saa kumi. Fundi cherehani wa kona, sasa ana kitambi, yuko kwenye ngazi amekonda kama sindano yake, ameshika maua. Shangazi yangu na mashoga zake wawili, watatu kwenye kidato kimoja. Na mkoba mweupe wa studio, ule ule, kwenye mkono wa kila mwanamke. Mkoba ule umesafiri kuliko rubani.

Nilikumbuka chumba cha giza. Zamani, nikitoka shule, Mzee aliniruhusu nitikise sinia la dawa chini ya taa nyekundu, na sura za watu zikawa zinakuja polepole kutoka majini, kwanza nyusi, kisha meno. Siku hizi sura inarushwa na printa kwa sekunde nane, bila hata hodi.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitano. Nikimuuliza Shangazi alikoenda, ananionyesha picha iliyo ukutani: si huyo, anapanda ndege. Nikaamini mpaka miaka tisa. Ikipita ndege angani wenzangu walikuwa wanaiomba peremende. Mimi nilikuwa napeleka mashtaka: Shangazi kaninyima hiki, mwalimu kanipiga, rudi.

Basi. Vumbi la stoo linaumiza macho.

Alhamisi, tarehe 6

Nimepata. Lile boksi ndilo lililonifungua akili. Mji mzima una picha ya ndege, kwa hiyo nani ataitaka tena? Biashara imekufa kwa sababu ya ndege! Pazia jipya litaiokoa studio: maghorofa ya vioo, gari jekundu. Mzee atalia kwa furaha, Miwani atafungasha nyaya zake zote mbili.

Nimenunua rangi. Muuzaji akauliza ni ya ukuta gani. Nikasema ukuta wa kesho. Akanipa ya mageti, akasema hiyo haitoki hata kwa mvua ya masika.

Jioni Miwani kanifuata tena na wazo lake. Nilipiga mluzi mpaka akachoka. Akasema haya, Pazia, sikio lako utalizika mwenyewe.

Kesho Mzee anakwenda kliniki ya macho. Miwani anasema atashinda nje, anazungukia watu. Shauri yake. Studio yangu peke yangu.

Ijumaa, tarehe 7

Nimepaka. Kona hadi kona, koti mbili, rangi juu ya rangi. Maghorofa yametoka marefu, isipokuwa la kushoto lililoegemea jirani yake kama mlevi. Gari limenisumbua. Lilitaka kuwa gari, likasita, na kwa mbali linafanana na kiatu. Lakini kiatu cha tajiri.

Nilipokuwa naosha burashi nilihisi kuna kitu nimesahau, kama mtu aliyetoka nyumbani akaacha jiko linawaka. Nikakagua. Taa nimezima. Madirisha nimefunga. Nikaondoka.

Jumamosi, tarehe 8

Nimefika saa mbili nikakuta foleni. Foleni, studio kwetu! Nikadhani habari za pazia jipya zimevuja. Nikawapungia mkono.

Mwanzo wa foleni alikuwa bibi mmoja kavaa gauni la harusi lililogoma kufunga zipu, na mumewe ameshika picha ya zamani. Nyuma yao fundi cherehani, na maua. Mashoga wa Shangazi, wote wawili, na Shangazi mwenyewe katikati, kajipodoa. Mwalimu wa hesabu, na kofia. Miwani alikuwa mlangoni na daftari, anawapanga. Ndilo lilikuwa wazo lake: wiki nzima kawazungukia watu waliopanda ndege ujanani, waje waipande tena, waweke picha mbili kwenye fremu moja. Familia kumi na saba. Nyingine zilitaka na wiki ijayo.

Nikasema studio leo ina mafua, warudi kesho. Hakuna aliyenisikia. Mzee alikuwa keshaingia.

Taa zikawaka. Bibi harusi akatazama kushoto, akatazama kulia, akamuuliza mumewe kama kile ni kiatu. Mumewe akasema anaona ni jahazi. Mwalimu akavua kofia ili watu wote waone kichwa chake, akasema tu, yule yule.

Mzee hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye kidato cha chini, akashika magoti.

Nikasema nipeni saa moja. Nikachukua mafuta ya taa na matambara, nikasugua. Gari likaanza kutoka. Likatoka na ndege. Nikasugua pembeni kutafuta bawa, bawa likatoka. Nikasugua ulipokuwa mlango. Nilipaona pamebaki turubai tupu, nikaendelea kusugua, mpaka Miwani alipokuja akanishika mkono, akasema basi, basi, inatosha. Hakunitania. Hilo halijawahi kutokea.

Bibi harusi ndiye aliyeokoa siku. Alisema ngazi si bado ipo? Akapanda, akapunga mkono. Wengine sita wakapanda baada yake, wakacheka sana. Waliobaki walikwenda zao. Fundi cherehani aliniachia maua.

Jioni Mzee akaniita kando. Akasema, mwanangu, tangu jana jioni, Miwani aliponionyesha orodha yake, nilikuwa nimeamua mbaki wote wawili. Foleni ile ingetosha. Kisha akanipa kuku wa plastiki, akasema huyu ni wako, watoto wamekuzoea.

Nikamwambia ahsante, Mzee, nilikuwa na mipango mingine hata hivyo.

Jumapili, tarehe 9

Njia mpya ya maisha imepatikana. Mimi ni mchoraji. Nashangaa sikuliona hilo mapema. Aliyepaka pazia zima kwa siku moja bila kufundishwa na mtu, ni nani? Rangi imebaki nusu kopo. Ukuta wa kinyozi umefifia, kesho alfajiri kabla hajafungua nitamchorea simba mwenye nywele maridadi. Sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.

Miwani kapita na chapati, akasema kama nataka kuchora nianze na karatasi. Wivu.

Shangazi naye kanitaka nisihuzunike, kwani picha ya mama si ipo ukutani. Ipo. Nimeishusha, nimeitazama tangu asubuhi. Yuko kidato cha tatu, mkoba mweupe begani, mkono mlangoni. Lakini kiganja hakionekani pale. Mkono wake mwenyewe umekifunika.

Kazi nitapata nyingine. Hata ndege nitaichora tena, yenye mabawa sawa. Ila kiganja kile nilikipaka mimi, koti mbili, huku napiga mluzi, na sikukikumbuka mpaka nilipokuwa nasugua.