Nyumba Zisizohesabiwa

Jumanne, 14 Oktoba
Nimejitia kitanzi mwenyewe. Ijumaa mama mkwe anachinja ngamia, sadaka ya kuomba mvua. Nikajigamba kwa mke wangu Anisa kwamba naweza kugawa nyama sawasawa mpaka kipande cha mwisho. Akampelekea mamake maneno. Jibu: Huqa agawe. Ila nyumba moja ikikosa, Anisa anarudi kwao, na kisu apewe Abdub, aliyemwoa dadake. Abdub! Mtu ambaye ini humpotelea mkononi.

Nikauliza nyumba za ukoo ni ngapi. Anisa akanikazia macho. Nimesahau kwamba watu hawahesabiwi? Ni kuita mabaya.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimepita mtaani nikihesabu milango kwa kidole, mkono umefichwa chini ya shuka. Mlango wa tatu, Abdub huyo. Akauliza natafuta nini. Nikasema nafukuza nzi. Kufikia adhuhuri mama mkwe alikuwa na habari zote.

Anisa amenionea huruma. Anakumbuka sadaka ya mwaka jana: kila nyumba ikipewa vipande vitano, vitatu vinabaki, ikipewa sita, vinne vinapungua. Alhamdulillahi, hesabu ya shule hiyo! Nyumba ni x. 5x + 3 = 6x − 4. Sita toa tano, moja. Tatu toa nne... x ni hasi moja.

Hasi moja. Nyumba moja itapotea. Ya nani?

Alhamisi, 16 Oktoba
Kwa Mwalimu Karwitha, jirani. Nikasema ni swali la binamu yangu wa Kinna. Akasema nimwambie binamu kwamba nambari ikivuka alama ya sawa, ishara hugeuka. Tatu jumlisha nne. Nyumba saba. Akauliza mbona swali ni la binamu na jasho ni langu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Safari hii nimekata vipande arobaini na viwili. Nyumba saba, sita sita. Nimegawa macho chini, mama mkwe akichungulia nyuma ya pazia. Hakikubaki kitu. Abdub alitafuta kosa akalikosa.

Nimefika nyumbani kifua mbele. Anisa akauliza yetu iko wapi.

Yetu? Tumeoana Februari. Mwaka jana nyumba hii haikuwepo. Iliyokosa ni yangu! Anisa ameenda kula kwa mamake. Hakusema atarudi lini. Naogopa hata kugusa mlango.

Jumapili, 19 Oktoba
Amerudi. Mama mkwe anasema hajawahi kuona mkwe anayelisha watu akajinyima. Sikumsahihisha.

Sasa anataka niwagawie ukoo wa kule Biliqo ngamia wake, wakiwa hai. Nyumba ngapi? Haisemwi. Ameagiza tu kwamba kila nyumba ikipewa wanne, mmoja anabaki; ikipewa watano, watatu wanapungua. Nimekubali kabla Abdub hajafungua mdomo. Anisa akanikumbusha ishara na Mwalimu Karwitha. Nimemwambia hesabu ni kazi yangu.

Moja toa tatu. Hasi mbili.

Ya Allah. Safari hii zinapotea nyumba mbili.