Kura ya Sitini na Saba

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka. Miaka kumi na minane katika Bunge la jimbo, leo natolewa gazetini nimekumbatia kambale wa ratili ishirini na sita. Picha nzuri, kusema kweli. Shida ni tarehe. Siku hiyohiyo, kwa mujibu wa ubao wa Bunge, nilipiga kura kumi na nne. Jamani! Kila mbunge akitoka humwachia jirani yake wa kiti ambonyezee kitufe. Ndio ujirani wenyewe. Lakini aliyekamatwa ni mimi, Orville Stadtler.

Jumanne, 5 Machi
Kamati ya Maadili. Niliwaambia samaki yule ni wa mwaka juzi. Mwenyekiti, Bi Thelma Rusk, akauliza mbona kofia niliyovaa ina tangazo la uchaguzi wa mwaka huu. Nikasema mimi hujiandaa mapema. Walicheka mpaka karani akaacha kuandika. Wanataka nifukuzwe. Hoja ni Alhamisi alasiri, ya mwisho. Zinahitajika kura sitini na saba. Spika ameninong'oneza kwamba wanazo sitini na sita.

Sitini na sita! Sipati usingizi.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu Nadine kanisihi kesho nisibanduke kitini, hata nikisinzia. Wanawake hawajui siasa. Kesho asubuhi wazimamoto wa mji wetu wanawapikia watu staftahi. Nitaonekana nagawa chapati na soseji, picha zitafika bungeni, mioyo italainika. Alasiri nitakuwa nimerudi. Nimempa jirani yangu wa kiti, Delwyn Krause, maagizo ya siku zote: kitufe cha kijani, yaani ndiyo, kijani, kijani, mpaka nitakapoingia. Delwyn ni mtu wa kutegemewa.

Alhamisi, 7 Machi
Yarabi!
Watu walikuwa wengi. Hakuna aliyeuliza habari za barabara. Wote walitaka kujua nilimnasa yule kambale kwa chambo gani. Ningewanyima? Nikaeleza. Nikaeleza tena, kwa vitendo. Kutazama saa, alasiri hiyo.

Nikiwa njiani Delwyn akapiga simu, furaha tele. Kazi imekwisha, bwana mkubwa, zote kijani, sikuruka hata moja. Nikamuuliza, hata ile ya kunifukuza? Akasema yeye alifuata maagizo.

Sitini na saba.

Nimejifukuza mwenyewe. Nadine hakunisema, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniwekea supu akaenda kulala. Nikalia kidogo jikoni.

Jumatatu, 18 Machi
Kuna uchaguzi mdogo wa kujaza kiti changu. Nagombea! Kinachotakiwa ni sahihi mia mbili za wapiga kura, mwisho leo jioni. Nimebisha hodi nyumba tatu. Ya kwanza walizima taa. Ya pili walinifungia mlango. Ya tatu wana mbwa. Magoti yakakataa, nikakaa kupumzika kwenye benchi la makaburini. Watu watulivu, majina yamechongwa vizuri, na hapana hata mmoja aliyenitukana. Kufika saa kumi orodha ilikuwa imejaa.

Karani wa uchaguzi, Bi Hedwig Amsler, atayakagua majina yote kesho mwenyewe. Bahati iliyoje! Mjane yule ana moyo mzuri. Marehemu mumewe, Gunther, nimemweka namba moja. Mama wa watu atafarijika kuona bado ananiunga mkono.