Kuhusu Mkwe Wangu Kuizuia Ndege kwa Ajili ya Tochi

Ndugu Mkuu wa Karakana ya Ndege,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni mzima wa afya, ila heshima yangu iko mahututi. Aliyeifikisha huko ni Mkaguzi wa Usalama uliyetuletea mwezi uliopita, ambaye, kama ujuavyo, ni mkaza mwanangu, mke wa kijana wangu. Tunakaa nyumba moja.

Huu ni mwaka wangu wa thelathini na moja katika ufundi wa ndege. Wenzangu waliniita Mkono Mizani kwa kuwa mkono wangu hujua bolti imekaza kiasi gani bila kuuliza chombo. Siandiki kwa hasira. Hasira niliimaliza jana kwenye ndoo ya maji machafu, ambayo nitailipa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila asubuhi, kabla ya kushika spana, tunajaza fomu inayouliza tumelala kwa saa ngapi. Nikajaza nane. Mkaguzi akakata, akaandika tatu, mbele ya mafundi. Ni kweli nililala kwenye kochi, na ni kweli kochi lile ni fupi. Lakini mkwe hahesabu usingizi wa baba mkwe wake, hata kama kochi liko mlangoni mwa chumba chake.

2. Fomu hiyohiyo inauliza kama kuna jambo la nyumbani linalomsumbua fundi. Nikaandika hakuna. Mkaguzi, kwa adabu zote na huku akiniita Baba, akaniomba nifikirie tena. Sasa Mkuu, yeye alikuwapo mezani mama mkwe wake aliposema atakwenda kwa dada yake nipende nisipende, nami nikamjibu aende, na akifika asihangaike kurudi. Siri ya mtungi aijuaye kata, nakubali. Lakini kata haipewi kalamu na fomu. Tangu hapo mimi na mama watoto hatusemezani, na sioni hilo linahusiana vipi na bawa la ndege.

3. Juzi nilikaza kwa mkono bolti kumi za kifuniko cha injini. Mkaguzi akaja na spana yenye kipimo, akazipima upya zote. Tisa zilikuwa sawasawa. Moja ilizunguka kwa kidole. Tisa kwa kumi! Mtoto wa shule akileta alama hizo ananunuliwa viatu. Mimi nimeandikiwa ripoti.

4. Hili ndilo kubwa. Unaujua ule ubao wetu wa vifaa, ambapo kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi ili kikikosekana pengo lionekane. Jana pengo la tochi yangu ndogo lilibaki wazi. Mkaguzi akatundika kadi nyekundu mlangoni mwa ndege, akasema haitoki mpaka tochi ionekane. Ndege nzima imefungwa na kitu cha urefu wa kidole! Nimemweleza kwamba sikuiacha ndani ya injini. Nina hakika, kwa sababu sikumbuki kuiacha. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na naamini kama wangekuwa na tochi wangeitaja.

5. Hivi ninavyoandika, mafundi watatu wanaifungua injini niliyoifunga mimi. Mmoja wao, niliyemfundisha mwenyewe kushika bisibisi, ameniletea chai bila kuombwa. Sijawahi kudhalilishwa kiasi hicho.

Kwa hiyo naomba ndege iachiwe leo kwa neno langu. Pia michoro ya ubaoni ifutwe, kwani pasipo mchoro hapana pengo, na pasipo pengo hakuna kilichopotea. Fomu isimamiwe na mtu asiyelala nyumba moja na fundi. Na kama haya ni mazito, basi wakaguzi wote wapewe likizo ya mwaka mzima tuone kama ndege zitaanguka. Zikianguka, nitakuwa wa kwanza kukiri kuwa walihitajika.

Nisalimie karani wako, mtunza stoo, mlinzi wa geti, na mama wa kantini ambaye chai yake sasa inatumika kunihurumia. Mkaguzi usimsalimie, tutaonana mezani.

Wako mtiifu, mwenye kinyongo,
Fundi Mkono Mizani

Nyongeza: Nimepita nikaiona ratiba ukutani. Kumbe ndege hiyo ndiyo ya safari ya Jumamosi, ambayo mama watoto ameikatia tiketi ya kwenda kwa dada yake. Tafadhali isitoke. Injini ifunguliwe mpaka skrubu ya mwisho, na bolti zote kumi zipimwe tena; azipime mkwe mwenyewe, si mwingine. Kwenye fomu yangu, pale nilipoandika hakuna, andika lipo. Na zile saa za usingizi zilikuwa mbili, si tatu. Nadhani Mkaguzi naye alipitiwa. Mama watoto asijue kwamba nimeomba mimi. Mwambieni tu kwamba akifika, arudi.