Kiraka cha Mtaa wa Bi Edna

Jumatatu, 3 Februari
Theluji tena. Kaunti ya Tamarack wamepiga simu wakifoka: programu yetu ya kupanga njia za magari ya kuondoa theluji inaruka mitaa isiyo na pa kutokea. Bi Edna Vossler, mgonjwa wa figo, anakaa mwisho wa mtaa kama huo. Majirani wamemtoa kwa makoleo ili awahi kusafishwa damu.

Bosi wetu Lorna akauliza nani atarekebisha. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza! Marisol, msimamizi wa toleo la nne la programu, litakalotoka karibuni, akacheka: haya bwana Clayton, usije ukatuharibia na vilivyo vizima.

Jumanne, 4 Februari
Kosa nimelinasa. Mistari miwili tu ya programu!

Sheria yetu: rekebisho huingia kwanza kwenye shina, yanakozaliwa matoleo yajayo, kisha hunakiliwa kwenye matawi ya matoleo yaliyo kazini. Ila kila kiingiacho shinani hukaguliwa na Marisol, naye hukagua kama mama mkwe. Nimekitia kiraka, yaani rekebisho langu, moja kwa moja kwenye tawi la toleo la tatu, wanalotumia Tamarack. Shina sikuligusa. Makusudi! Toleo la nne litoke na kosa lile lile, Marisol aumbuke, mimi nitokee na dawa mkononi. Usimamizi wa matoleo utakuwa wangu.

Jumatano, 5 Februari
Bi Edna kapiga simu mwenyewe. Gari limefika hadi mlangoni pake. Kaniita mwanangu. Akauliza kama sasa itakuwa hivyo kila theluji ikianguka. Nikamwambia aondoe shaka.

Miaka yote hii naandika mistari, sijawahi kusikia sauti ya mtu aliye upande wa pili. Nikanyanyuka nikamwambie Marisol kuhusu shina. Njiani Lorna akanisifu mbele ya wote. Nikarudi kuketi.

Alhamisi, 6 Februari
Balaa! Lorna, kwa furaha ya kazi yangu, amewapa Tamarack toleo la nne kabla ya wateja wengine wote. Limeshawekwa. Nikajipa moyo kwamba anga ni jeupe.

Ijumaa, 7 Februari
Tufani. Mtaa wa Bi Edna umerukwa. Jirani kamkimbiza hospitali kwa pikipiki ya theluji, amechelewa mno, miguu imevimba. Yuko hai.

Marisol alilinganisha matawi na shina, akaona kiraka kimo kwenye tawi la tatu pekee. Hakufoka. Aliuliza tu: “Clayton, ulijua?” Nikasema nilisahau. Nimejichukia. Lorna ameagiza kiraka kiingie shinani leo leo, kisha tawi la nne.

Jumatatu, 10 Februari
Marisol amekirudisha kiraka cha shinani na maoni kibao: andika jaribio la kukipima, badilisha majina, eleza. Ati eleza! Nimeanza na tawi la nne, ambako hakuna wa kunichungulia. Kinafanya kazi. Nimempigia Bi Edna kumpa pole na kumhakikishia kwamba mtaa wake hautarukwa tena maishani. Akanibariki, masikini.

Shina litasubiri. Toleo la tano ni la baridi ijayo, na likitoka na kosa lile, ni nani mwingine atakayejua dawa yake?