Mazoezi ya Kugundua

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Mtaala mpya umefika. Mwalimu mkuu ameubwaga juu ya meza ya ofisi ya walimu, akajipangusa mikono, akasema tuufuate kuanzia leo. Nikamuuliza umeandikwa na nani. Akasema wataalamu. Nikamuuliza kama kati ya wataalamu hao yumo hata mmoja aliyewahi kulishika darasa la nne kipindi cha mwisho, jua likiwa utosini. Akaniomba nisimtafutie balaa na wakubwa.

Nimesoma sehemu yangu ya Sayansi huku damu ikinichemka. Vitu vinavyoelea na vinavyozama. Kila kundi la wanafunzi liwe na beseni lake la maji. Mwalimu asitoe jibu. Mwanafunzi abashiri, ajaribu, ashangae, kisha agundue mwenyewe. Ashangae! Imeandikwa hivyo hivyo, kama amri ya jeshi. Na maji yatoke wapi? Shule nzima ina bomba moja, nalo liko nyuma ya vyoo na hukohoa kuliko linavyotoa maji!

Walimu tumefanywa matarishi. Tunapewa mzigo, tunaambiwa upeleke kule, usifungue.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Habari kubwa. Walimu wa shule nyingine nao wamepiga kelele, na wizara imesikia. Litaundwa jopo la walimu la kuurekebisha mtaala huu. Kila shule itatoa mwalimu mmoja.

Kiti hicho ni changu. Sina haja ya kujieleza. Nilianza kufundisha hapa mwalimu mkuu akiwa mwanafunzi wangu, tena wa dawati la nyuma. Nina mambo ya kusema mbele ya jopo hilo, nimeyabeba kifuani miaka yote, na nikistaafu bila kuyasema nitapasuka.

Lakini mwalimu mkuu hawezi kuamua hata rangi ya mlango. Amesema Afisa wa Mitaala atakuja Ijumaa kutazama masomo ya wanaotaka nafasi, naye ndiye atakayechagua. Nikainua mkono. Ukainuka mkono mwingine nyuma yangu. Mwalimu wa darasa la pili!

Mimi humwita Bi Makofi, kwa sababu darasani kwake hata mtoto akipenga kamasi vizuri hupigiwa makofi. Ni rika la binti yangu wa mwisho. Akanigeukia, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Basi tutakutana Ijumaa." Kwa adabu kamili! Nimesikia matusi mengi maishani, lakini lile lilikuwa limepigwa pasi.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Nimepata njia. Afisa anataka kuona watoto wakigundua. Vizuri. Watagundua mpaka achoke. Lakini kugundua si jambo la kuachiwa watoto hivi hivi. Wanaweza kugundua kitu kingine. Kwa hiyo tutafanya mazoezi.

Leo nimewapanga. Safu ya dirishani itabashiri vibaya. Safu ya mlangoni itabashiri vizuri. Safu ya katikati itashangaa. Kiranja, msichana mwenye sauti ya kengele, atasimama mwishoni na kusema, "Basi tumegundua kwamba vitu vingine huelea na vingine huzama."

Tumerudia mpaka koo likanikauka. Jiwe, "Limezama!" Kijiti, "Kinaelea!" Msumari, "Umezama!" Kifuniko cha soda, "Kinaelea!" Safu ya katikati inashangaa kama ng'ombe waliosikia mlango ukigongwa. Nimewaagiza wapandishe nyusi kwanza, sauti ifuate.

Kiranja aliuliza kama akalete maji. Nikamwuliza maji ya nini. Bomba lenyewe mpaka ulibembeleze, na sakafu itajaa matope. Kwenye mazoezi kilicho muhimu ni maneno. Beseni kavu linatosha.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mazoezi tena, asubuhi na mchana. Sasa wanagundua bila kusita. Nikiinua jiwe tu, tayari limezama.

Kuna mtoto mmoja tu anayeniharibia. Kasichana kadogo ka safu ya mlangoni, kenye swali kwa kila jambo. Kameuliza kwa nini meli ielee na msumari uzame, na vyote ni chuma. Nimemwambia hilo haliko kwenye mtaala. Ameniuliza nani aliyelitoa. Nimemwambia akae chini.

Nimepita karibu na darasa la Bi Makofi. Kelele, makofi, watoto wako chini ya madawati wanapima sakafu kwa nyayo zao. Hajawafanyisha mazoezi hata mara moja! Nilitabasamu njia nzima mpaka nyumbani. Mke wangu aliponiona akauliza nani kafa.

Nilipomweleza mpango, alicheka. Akasema, "Baba Watoto, si ungewaachia tu wachezee maji?" Mke wangu hakusomea ualimu, kwa hiyo nimemsamehe.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Sitaki kuandika. Ninaandika kwa sababu bila kuandika nitampiga mtu.

Afisa alikuja, kijana mwenye viatu vya kung'aa. Akakaa nyuma kwenye dawati dogo, magoti yakamfika kifuani. Nikasalimu. Nikauliza swali la kwanza. Safu ya dirishani ikabashiri vibaya, vizuri kabisa. Nikainua jiwe, nikaliachia ndani ya beseni. Ko! "Limezama!" Nikaachia kijiti. Ko! "Kinaelea!" Nyusi zikapanda darasa zima. Sijapata kuona somo lililonyooka namna ile. Nikaachia msumari, nikaachia kifuniko, kila kitu kikaenda kama treni juu ya reli.

Afisa akasimama. Akaja mbele taratibu, akachungulia ndani ya beseni. Akachungulia tena, kama mtu aliyedondosha funguo. Kisha akamwuliza kiranja, kwa upole mkubwa, kijiti kile kinaelea juu ya nini.

Kiranja akanitazama. Mimi nikalitazama beseni. Kavu! Kavu kama mazoezini! Siku zote mbili hatukutia maji, na leo hakuna aliyekumbuka, hata mimi niliyekuwa nimeliinamia!

Kiranja, maskini, akajibu, "Bwana Afisa, hapo bado hatujafika." Na kasichana ka mlangoni kakadakia kwamba maji tuliambiwa si muhimu.

Afisa akajifunika uso kwa mkono. Mabega yalikuwa yanatikisika. Safu ya katikati ikadhani zamu yake imefika, ikashangaa upya, kwa nguvu zote.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Amechaguliwa Bi Makofi. Ofisi nzima imempigia makofi. Ugonjwa unaenea.

Halafu ameniendea mezani pangu, kalamu mkononi, mbele ya watu. Amesema haendi kujisemea mwenyewe, anakusanya maoni ya walimu wote, na angependa kuanza na mimi kwa sababu mimi ndiye mkubwa. "Mzee wangu, niambie unachotaka nikupelekee."

Anipelekee! Mimi nimekuwa furushi?

Nimemwambia sina maoni. Nimemwambia maoni yangu hayasafiri bila mimi. Kisha hasira ikanipanda, nikasimama, nikamwambia kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kudai beseni kwa kila kundi kwenye shule yenye bomba moja. Ndoo moja mbele ya darasa inatosha, makundi yaje kwa zamu! Na Sayansi isiwekwe kipindi cha mwisho, watoto wakiwa wamechoka na njaa! Na mtoto anayeuliza swali lililo nje ya mada atengewe dakika zake mwishoni, la sivyo atakuvurugia somo zima! Lakini nani atanisikiliza? Nani?

Nikaketi. Nikamkumbusha kwamba sina maoni.

Ameshukuru na kuondoka. Hana hata haya.

Jumatano, tarehe 29 Mei

Bi Makofi amerudi kutoka kwenye jopo na rasimu ya sura iliyorekebishwa. Vitu vinavyoelea na vinavyozama. Mwalimu mkuu amenikabidhi mbele ya wenzangu. Jopo linataka mwalimu mzoefu aifundishe, kisha aseme ukweli mtupu kama inafaa au haifai. Bi Makofi mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Nikisema haifai, itaandikwa upya. Afisa atakuja Jumanne kutazama na kusikia hukumu yangu.

Nimeifungua nikiwa peke yangu. Ndoo moja mbele ya darasa, makundi yaje kwa zamu. Sayansi iwe asubuhi. Dakika za maswali ya nje ya mada mwishoni. Ni maneno yangu! Yote! Kuna mahali wameacha hata "la sivyo" yangu.

Nimeyasoma mara nyingi. Nilihisi kitu kifuani, nadhani ni chakula. Kisha nikatazama ukurasa wa mwisho, penye majina ya wanajopo. Jina la Bi Makofi lipo, limenyooka. Langu halipo. Sura imejaa mimi, na mimi simo!

Alhamisi, tarehe 30 Mei

Nimeifundisha rasimu kwa majaribio, kabla ya ujio wa afisa. Maji halisi. Sikuwapa maelekezo yoyote, kwa kuwa nilitaka kuona inavyoanguka.

Haikuanguka. Wameelewa. Wote! Safu ya dirishani imebashiri vizuri bila ruhusa. Kasichana ka mlangoni kamegundua kwamba kifuniko cha soda kikilazwa kinaelea, kikisimamishwa ubavu kinazama, kakataka kujua sababu, na darasa zima likabishana mpaka kengele ikapigwa mara mbili. Sababu yenyewe nilikuwa nimeisahau. Nilijikuta nimekunja mikono ya shati na kuinamia ndoo pamoja nao, nikijaribu tena na tena. Ilikuwa saa nzuri sana.

Jambo hili halikubaliki.

Nimemweleza mke wangu. Akasema, "Sasa si ndicho ulichokuwa unakililia? Waandikie kwamba inafaa." Akaenda zake kufua. Hajui siasa za ofisini. Nikisema inafaa, Bi Makofi atapigiwa makofi mpaka wizarani. Nikisema haifai, itabidi waiandike upya, na safari hii itabidi wamwite mtu anayejua kuandika. Mtu huyo ni mimi.

Ijumaa, tarehe 31 Mei

Tumeanza. Nimefunga mlango, nimewaeleza wanafunzi kwamba Jumanne afisa akija, darasa hili halitaelewa kitu. Tunafanya mazoezi ya kutoelewa.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Wamezoea kuelewa tangu jana. Nimewafundisha kukuna kichwa, kutazama dari, kutazamana. Safu ya katikati itauliza mara kwa mara tuko ukurasa wa ngapi. Kiranja atalia kidogo, ikiwezekana. Kasichana ka mlangoni hakawezi kabisa. Uso wake unaelewa hata akifumba macho. Siku hiyo nitamkalisha nyuma ya kabati la ramani.

Kufikia mchana, safu ya dirishani ilikuwa inakosea vizuri sana, kwa pamoja, bila hata mmoja kucheka. Nikawaambia wasimame. Nikawapigia makofi. Mwaka mzima sijawahi kujivunia wanafunzi wangu namna hii.