Usiguse Pasi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya historia! Programu yangu imeingia kwenye simu za wateja. Kuanzia leo, mteja wa duka la dobi la Shangazi hana haja ya kujitwisha furushi. Anagusa simu, pikipiki inamfuata, nguo zinakuja dukani, zinarudi zimenyooka. Shangazi amehangaika sana, kwa sababu dobi wa ng'ambo ya barabara anapokea oda kwa simu na wateja wetu wanahamia kwake mmoja mmoja. Akaniomba mimi, mtoto wa kaka yake, nimwokoe. Nimemwokoa.

Shukrani yake ni meza ya dirishani. Ina feni! Ina kiti kinachozunguka! Tangu nimalize masomo nimekuwa nikifanyia kazi ukingoni mwa kitanda, na mama akipita na fagio ananiamuru niinue miguu. Hayo yamekwisha. Nimebandika karatasi juu ya meza: MKURUGENZI WA MITANDAO. Mpiga pasi wetu ameisoma akakohoa. Wivu.

Programu yenyewe ni nzuri mpaka nimejionea wivu mwenyewe. Inafunguka kwa mapovu ya sabuni yanayopanda taratibu. Huwezi kuyaruka. Kwa nini mtu aruke uzuri? Maandishi ni ya kijivu hafifu juu ya weupe, kwa staha. Huduma zote nimezificha nyuma ya picha ndogo ya kifungo cha shati, pembeni kushoto, ili mteja apate raha ya kuzigundua. Pembeni kulia kuna picha ya pasi. Ukiigusa, inafuta kila ulichojaza. Mantiki iko wazi: pasi ikipita hakibaki kitu.

Hadi tunafunga hakuna aliyeagiza. Shangazi aliuliza kulikoni. Nikamwambia wateja bado wanashangaa.

Jumanne, 4 Machi

Oda ya kwanza! Nilipiga kelele, nikazunguka na kiti. Kisha nikakumbuka kwamba ni mimi, nilikuwa najaribu.

Asubuhi akaingia Mwalimu mstaafu, furushi begani, simu mkononi, jasho usoni. Alisema tangu anywe chai anatazama mapovu. Yalipoisha alitafuta pa kuandikia, hakupaona. Akaiona pasi. Na kwa kuwa alitaka suruali zake zipigwe pasi, akagusa pasi. Mapovu yakaanza upya. Amegusa pasi asubuhi nzima.

Nilimpokonya simu kwa heshima zote, nikamaliza kufumba na kufumbua. Nikamwambia Shangazi, umeona, Mwalimu ameweza. Shangazi akajibu kwamba aliyeweza ni mimi, Mwalimu alikuwa anatazama feni.

Mchana Shangazi akamleta msichana mmoja, hapa namwita Miwani. Jina lake silitamki. Ni binti wa rafiki yake, tulisoma darasa moja, na tangu enzi hizo ana tabia ya kukutazama kama anakupima nguo. Naye anatengeneza programu, ila anadai kazi yake hasa ni watu wanaozitumia. Basi akakaa kando ya Mwalimu, akampa simu yenye programu yangu, akafunga mdomo. Hakuelekeza. Hakugusa. Alitazama tu! Mtaalamu gani huyo? Hata paka wa dukani anatazama, na hadai malipo.

Mwishoni akamuuliza Mwalimu alitegemea pasi ifanye nini. Mwalimu akasema alitegemea ipige pasi. Duka zima likanigeukia.

Hukumu ya Shangazi: Jumamosi wateja watatu watajaribu programu yangu na ya Miwani, kila mmoja peke yake, bila msaada. Itakayowapeleka mwisho ndiyo ya duka. Na mwenye programu ndiye mwenye meza. Amesema hana ubaya na mimi, lakini hawezi kufunga duka kwa ajili ya mapovu. Nakalia kuti kavu, ingawa lina feni.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya upelelezi. Nilijificha nyuma ya mashuka yanayoning'inia, nikamwona Miwani akifanya kazi. Nusura nipasuke mbavu. Anachora kwa penseli! Kwenye karatasi! Anawapa wateja karatasi na kuwaambia waiguse kwa kidole kama simu. Mmoja akigusa pasipostahili, anafuta, anachora upya. Wala haoni aibu kufuta.

Na hicho anachochora ni kichekesho. Ukurasa mmoja. Unaishi wapi, tuje lini, na kitufe kikubwa cha buluu juu kabisa: NJOONI MCHUKUE. Basi! Hakuna povu. Hakuna fumbo. Ukikosea inakuuliza kama una uhakika, kama mama mzazi. Mteja atakwenda kusimulia nini nyumbani?

Hata hivyo sikutaka kubahatisha. Nilimvuta Mpiga pasi pembeni, kwa kuwa hakuna siri ya Shangazi isiyopita juu ya meza yake. Alijifanya bubu. Nikaahidi kumkunjia mashuka wiki nzima. Ububu ukamtoka. Watakaojaribu ni mke wa Mwalimu, Fundi saa wa kona ya pili, na Muuza mayai.

Nina mpango! Kama watu hawaiwezi programu, dawa si kubadili programu. Dawa ni kubadili watu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewafundisha wote watatu, kwa siri.

Mke wa Mwalimu alinikaribisha kwa bashasha, akaniita mwanangu, akatoa simu iliyofungwa kwenye kitambaa. Nikamwambia asisumbuke kusoma, akariri tu. Gusa kona ya kushoto. Subiri. Gusa kushoto tena. Sogeza juu. Mara kwa mara aliniuliza kwa nini. Nikamwambia kwa nini haipo kwenye mtihani.

Fundi saa alikuwa mbishi. Alisema yeye akitengeneza saa hamfundishi mwenyewe namna ya kuisoma. Nikamwambia saa ni jambo dogo. Akaninunia, lakini akakariri.

Muuza mayai ndiye hazina yangu! Ameyageuza maelekezo kuwa wimbo. Anapita mtaani na trei zake akiimba: gusa kushoto, subiri povu, gusa kushoto, usiguse pasi! Nimemsihi aimbe moyoni. Amesema moyoni hakuna sauti.

Mashuka ni mengi kuliko nilivyodhani. Mpiga pasi ananiletea hata yaliyokwisha kunjwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi ya mwisho. Wote watatu wamefaulu wakiwa wamefumba macho. Muuza mayai alifumba kweli. Nilichekea tumboni siku nzima. Nilipopishana na Miwani mlangoni nikamtakia kila la heri kwa sauti ya kumhurumia. Akaniuliza, bila kejeli hata kidogo, kama nimewahi kukaa na mteja nikanyamaza. Nikamwambia wakurugenzi hawanyamazi.

Jioni nikabaki mezani nikiitazama kazi yangu. Kuna kitu kilinikera. Kile kifungo cha shati kushoto, na mapovu nayo yanapandia kushoto. Kumeelemea! Jicho la msanii halivumilii. Nikahamisha kifungo kulia, na pasi nikaileta kushoto. Kazi ya dakika moja. Sasa imekaa sawa kabisa. Kesho watanikumbuka.

Jumamosi, 8 Machi

Wamenikumbuka.

Duka lilijaa. Hata yule dobi wa ng'ambo alisimama kwenye kizingiti chake, mikono kiunoni. Shangazi akaniweka nyuma ya kaunta na kunikataza kusogea.

Mke wa Mwalimu alianza. Mapovu yakapita. Kidole chake kikaenda kona ya kushoto bila wasiwasi. Pasi! Mapovu upya. Kushoto tena. Pasi tena. Nikaanza kumkonyeza aende kulia. Mama wa watu akadhani nimeingiwa na mdudu jichoni, akasimamisha mtihani ili anipulize.

Fundi saa akafuata. Aligusa kushoto, akaona povu, akaweka simu chini na kukunja mikono. Alisema yeye amekariri, mashine ndiyo haikukariri.

Nikamtegemea Muuza mayai. Alisimama katikati ya duka, akafumba macho, akaimba kwa sauti ya kuuzia mayai: gusa kushoto! Akagusa pasi. Subiri povu! Akasubiri. Gusa kushoto! Akagusa pasi. Usiguse pasi! Alipofumbua macho akaona povu, akasema mbele ya kadamnasi kwamba jana wimbo ulikubali, leo una nini?

Shangazi akauliza, jana ipi? Mke wa Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akaeleza kwamba mtoto huyu ana subira, amekuja mpaka nyumbani. Nilijikaza kisabuni. Sabuni ikayeyuka.

Programu ya Miwani waliimaliza wote watatu. Fundi saa alirudia mara mbili kwa raha zake, pikipiki ikaenda kwake bila sababu. Miwani hakumlaumu. Alichukua penseli.

Shangazi hakunifokea. Laiti angefoka. Aliuliza tu kama namwona yule ng'ambo anavyocheka, na kama najua mishahara ya humu ndani inatoka kwa nani. Akabandua karatasi yangu ya ukurugenzi, akaikunja vizuri, akanipa. Niliumia, nakiri. Nilikwenda nyuma ya mashuka nikakaa huko kwa muda.

Jumapili, 9 Machi

Nafasi moja ya mwisho! Miwani mwenyewe ndiye aliyeniombea, jambo linalotia shaka. Sharti: nikae kando ya mteja mmoja anapotumia programu mpya. Mikono mapajani. Mdomo umefungwa. Kisha nieleze nilichoona. Nikiona kitu, meza ni yangu, na Miwani atafanyia kazi zake kwake.

Mteja alikuwa mama mwenye mtoto mchanga mkono mmoja na simu mkono wa pili. Nikakaa. Kunyamaza ni kazi ngumu! Neno linapanda, unalimeza, linapanda tena. Niliukalia mkono wangu wa kulia.

Na nikaona. Sijui niseme vipi. Alijaza kila kitu kwa kidole gumba, vizuri tu. Lakini kitufe cha buluu kipo juu kabisa, na gumba lake halikufika. Akajinyoosha. Mtoto akateleza. Akamdaka kwa kiwiko, akajaribu tena, simu ikamponyoka. Hakulalamika. Alisema, ah, mimi nimezidi uzembe. Nikasikia vibaya kwelikweli, kwa sababu hakuwa mzembe hata chembe.

Nilimweleza Shangazi vile vile nilivyoona. Miwani akavua miwani, akaifuta, akasema hilo limempita, kwa kuwa watu wake wote walijaribu wakiwa mikono mitupu. Akanipa mkono! Shangazi akanipiga begani, akaniita mwanangu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akanirudishia meza. Kesho nirekebishe mwenyewe kasoro niliyoiona. Yule mama ameahidi kurudi Jumanne kuijaribu.

Nimezunguka na kiti mpaka kizunguzungu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiri sana. Miwani anaona kitufe kishushwe chini, gumba likifikie. Rahisi mno! Mtu yeyote anaweza kushusha kitufe. Na kitufe kilicho chini kinapoteza hadhi.

Tatizo lenyewe, ukilitazama kitaalamu, ni mtoto. Kwa hiyo nimeongeza ukurasa wa ilani mwanzoni: Mteja mpendwa, kabla ya kuendelea, tafadhali mlaze mtoto. Kisha unatia alama kuthibitisha kwamba umemlaza. Kwa wasio na watoto kuna alama ya kuthibitisha kwamba hawana. Nimeyaandika kwa kijivu hafifu, asije akashtuka mtoto.

Na kwa kuwa ukurasa ulikuwa mtupu, nimerudisha mapovu. Machache, nayo yanaendelea hadi ukurasa wa kujaza. Na pasi moja tu, chini yake kabisa, mahali gumba linapofika bila taabu. Wanasema sisikilizi!

Jumanne, 11 Machi

Mama alirudi, mtoto mkononi. Shangazi alitoka nyuma ya kaunta kushuhudia. Miwani pia alikuja, bila penseli.

Mapovu yakampendeza mtoto. Ilani mama hakuiona kabisa. Aliinua simu dirishani kutafuta mwanga. Nilimsaidia kwa kumsomea kwa sauti. Akanitazama, akamtazama mwanawe, akauliza amlaze wapi. Nikamwonyesha kikapu cha mashuka. Hakupenda. Alitia alama vivyo hivyo, mtoto akiwa mkononi, akajaza anwani, siku, vyote, na alipokuwa anajinyoosha kukifikia kitufe, mtoto akanyoosha kidole chake chini kufuata povu. Pasi.

Vyote vikafutika. Mtoto akacheka. Mama hakucheka. Alikusanya furushi lake, akamuaga Shangazi kwa adabu, akavuka barabara. Dobi wa ng'ambo alimfungulia mlango mwenyewe.

Shangazi alikaa kwenye kiti changu kinachozunguka, akanipa kisogo, na hakuzunguka. Baadaye akamwomba Miwani ashushe kitufe. Miwani alikishusha hapo hapo. Mpiga pasi akanisaidia kubeba vitu vyangu, akanikumbusha kwamba wiki ya mashuka haijaisha.

Sina kinyongo. Kila mtu ameona kwamba kosa ni la mtoto.

Naandika haya ukingoni mwa kitanda. Mama amepita na fagio. Nimeinua miguu. Amesema Muuza mayai alikuja kunitafuta, wateja wake nao wanataka kuagiza kwa simu, na wimbo bado anaukumbuka. Huyu ni mtu mwenye upeo! Nimeshaanza kuchora, tena kwa rangi. Programu itafunguka kwa yai linaloanguliwa taratibu, mpaka kifaranga atoke mzima. Hakuna kuliruka. Na pembeni kulia, kwa wanaotaka kufuta oda, nitaweka picha ya kikaango. Mtu yeyote ataelewa.