Nyuzi Nane za Muthama

Hakuna mtu katika mtaa mzima wa Baba Dogo aliyewahi kuacha kazi kwa mbwembwe kama Muthama. Asubuhi ile alimrushia msimamizi wa kiwanda cha sabuni ovaroli yake, akamwambia akimhitaji amtafute soko la mbuzi la Kiamaiko, ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa bado kichwani mwake. Ndung'u, mwenyekiti wa wauza mbuzi, alikuwa amemwambia tu kwamba ile programu aliyoiandika Muthama ya kukadiria uzito wa mbuzi kwa picha ikimshinda Wayua kwa kasi, kazi ya kupima sokoni ni yake. Na Wayua alikuwa mama aliyepima mbuzi kwa kumpapasa mgongo, akataja kilo, mizani ikakubali.

Mbuzi arobaini wakapangwa. Muthama akawapiga picha, akaweka laptopu juu ya kreti, kisha akahutubia kama mgombea ubunge. Wengine, alisema, huandika programu yenye uzi mmoja, yaani kibarua mmoja wa kupima. Yeye ameandika nyuzi nane, zote zinapiga kazi kwa wakati mmoja.

"Mathe, wewe kaa tu upumzike," akamwambia Wayua. "Hii mashine ni moto."

Akabonyeza. Laptopu ikanguruma kama kinu cha unga. Wayua akaanza kupapasa. Alipofika mbuzi wa ishirini, laptopu ilikuwa imepima watatu. Alipomaliza wote, akanawa mikono na kuagiza chai. Laptopu ilikuwa inahangaika na wa saba.

Ndung'u akataka maelezo. Ikambidi Muthama akiri jambo alilolisoma akaliruka: lugha ya kompyuta aliyoandikia programu ina mkalimani mmoja wa kuisomea mashine, naye ana ufunguo mmoja tu. Uzi usioshika ufunguo haufanyi lolote.

Wayua akatua kikombe. "Yaani umeleta wachinjaji wanane na kisu ni moja?"

"Ndio, mathe."

"Na hao wengine saba?"

"Wanangoja. Na wanasumbua yule ako na kisu."

Soko zima likaangua kicheko. Kiwandani hakukurudika tena, na Muthama alijua. Ndung'u akamwonea huruma: kazi ilikuwepo, ya kumshikia Wayua mbuzi akipima.

Ili aonyeshe bidii, Muthama akakumbatia mabeberu wawili kwa mpigo. Wakamburura hadi kwenye matope, kifudifudi.

"Pole pole, kijana yangu," Wayua akasema akimwinua. "Shika mmoja mmoja."